Mstari wa 1964 uko wapi? Barua ya wazi kwa magavana wa kaunti za ziwa

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori. Kwa Waziri wa Maji. Na kwa kila afisa aliye na vipimo vya maji ndani ya droo yake.

Waheshimiwa,

Mei 2020, Ziwa Victoria lilipofika kilele, kipimo cha Jinja, kule Uganda ziwa linakotokea, kilisoma mita 13.42. Rekodi iliyokuwapo, ya Mei 1964, ilikuwa mita 13.41. Tofauti ni sentimita moja, unene wa kidole. Naanza na sentimita hiyo kwa sababu tangu wakati ule nimewasikia viongozi, matangani na redioni, wakisema kwamba maji yale hayajawahi kuonekana. Yalionekana. Yaliandikwa kwa wino. Yalikaa kitabuni miaka 56 bila mstari wa kuyaonyesha ardhini, na katika miaka hiyo tulijenga hoteli, shule, zahanati na vyoo chini ya alama yake. Mwaka 2024 ziwa likarudi juu tena, na hotuba zikawa zile zile.

Mimi ni mzaliwa wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu. Kazi yangu kwa zaidi ya miaka 30 imekuwa kuhesabu maji: yatatoka wapi, yatapita wapi, yatafika kimo gani, saa ngapi. Nimeifanya Mombasa, nimeifanya Uholanzi, na miaka hii ya mwisho naifanya Kisumu kwenye kompyuta ambayo feni yake inanguruma kuliko posho mill ya jirani. Marehemu mama yangu aliwaambia watu wa nyumbani kwamba mwanawe "ni wa maji", na kwa miaka mingi kila nikirudi walinipokea na bili zao. Nilikuwa nazichukua. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Lakini leo lazima nieleze kidogo, maana mmekuwa mkinunua modeli za mafuriko, yaani hesabu za kompyuta za kutabiri maji, kama mnaonunua jenereta, na sidhani mliambiwa ndani yake mna nini.

Unachukua ardhi na kuikata vipande vidogo, kama majaruba ya mpunga ya Ahero, kila kipande na kimo chake. Kisha kwa kila kipande unauliza: maji mangapi yameingia, mangapi yametoka, mteremko unayavuta kiasi gani, nyasi na mawe yanayashika kiasi gani. Kanuni zenyewe ni za zamani. Mfaransa Saint-Venant alizitoa mwaka 1871, na Mwairishi Manning akatupa, mwaka 1889, njia ya kukadiria jinsi kitanda cha mto kinavyoyakwaruza maji. Kompyuta haikuongeza hekima, iliongeza uvumilivu. Kwa aina ya hesabu ninayotumia, kama wimbi linakwenda mita 8 kwa sekunde na kipande chako kina upana wa mita 30, hairuhusiwi kupiga hatua inayozidi sekunde nne hivi, la sivyo wimbi linaruka kipande bila kuhesabiwa na matokeo yote yanakuwa upuuzi. Siku tano za mafuriko ni hatua zaidi ya laki moja. Stima ikipotea kwenye hatua ya elfu tisini, unaanza upya. (Nimeanza upya mara nyingi mno. Siku hizi nina betri.)

Programu zenyewe si siri wala si ghali. HEC-RAS ya Wamarekani inapakuliwa bure. Delft3D ya Waholanzi iko wazi kwa yeyote. Kwa hiyo mtu akija ofisini kwenu na mkoba kuwauzia "mfumo", mwulizeni swali moja tu: vimo vya ardhi umevitoa wapi, na vipimo vya mto umevitoa wapi? Akianza kuzungumzia rangi za ramani, mpeni chai aende.

Najua hivyo kwa sababu nimewahi kuwa mtu huyo mwenye ramani ya rangi.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, kamati ya mafuriko ya eneo moja kando ya mto Nyando iliniomba ramani ya mahali pa kukimbilia. Sikuwa na vimo vilivyopimwa, kwa hiyo nilitumia vile ambavyo wengi wetu hutumia, vya chombo cha angani cha Wamarekani kilichozunguka dunia kwa siku chache mnamo Februari 2000 na kuipima kwa rada. Ni kazi kubwa na ya heshima. Kwa milima inatosha. Lakini rada ile haikufika chini penye miti. Iligonga majani na kurudi, na kosa lake linaweza kuwa la mita kadhaa. Katika Kano, ambako mita moja ndiyo tofauti ya shamba na bwawa, mita kadhaa ni dunia nyingine. Pale kijijini palikuwa na safu ndefu ya mikaratusi. Katika kompyuta yangu, safu ile ilikuwa kilima. Maji ya modeli yalifika pale yakasimama kwa adabu, nami nikapaka nyuma yake rangi ya kijani.

Watu walihamishia magodoro, mahindi na mbuzi kwenye kanisa lililokuwa ndani ya kijani changu. Usiku maji yalipita katikati ya vigogo vya miti bila kujua kwamba ni ukuta.

Hakufa mtu. Nimelirudia hilo moyoni mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Magunia yaliloa, vyoo vikafurika, vitabu vya watoto vikawa uji. Nilipokwenda kuwaona, mama mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Daktari, miti yetu ndiyo ilikuwa ukuta?" Nikamweleza habari za rada. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ungeuliza, tungekuonyesha. Maji ya Uhuru yalifika kwenye ule mkuyu." Akanyoosha kidole. Mvua za Uhuru ndizo zile zilizoanza mwaka 1961 na kulipandisha ziwa mita mbili na nusu hivi kufikia 1964. Kesho yake nilipima shina la mkuyu. Lilikuwa chini ya kilima changu cha majani kwa kimo cha nyumba, na juu ya sakafu ya kanisa.

Yaani kipimo kilikuwepo. Kilikuwa kichwani mwa mama yule, na mimi nilikwenda kukitafuta angani.

Tangu siku hiyo sitoi ramani kabla sijatembea na mzee wa kijiji. Lakini sikuandika barua hii kuungama tu. Niliandika kwa sababu kosa langu na kosa lenu ni la ukoo mmoja, na nililiona kwanza mbali na hapa.

Uholanzi, usiku wa Jumamosi tarehe 31 Januari 1953, dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilikutana na bamvua. Neno hili sikulijua nikikua Kano. Walinifundisha wavuvi wa Mombasa, pamoja na maji mafu, kusi na kaskazi, na hadi leo sijapata kwenye vitabu vya kigeni neno linaloshika vizuri kama bamvua yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Matuta ya Waholanzi yalipasuka, wakafa watu 1,836. Wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wametoa onyo, ila redio zilifungwa usiku wa manane na nchi ikalala. Na mhandisi wao mmoja, Johan van Veen, alikuwa ameonya kwa miaka mingi kwamba matuta ni mafupi. Maonyo yake hayakupotea. Yalikuwa yamehifadhiwa vizuri sana, kwenye makabati.

Ujumbe wetu unapokwenda kule kwa ziara za mafunzo hupigwa picha mbele ya lile lango kubwa la kuzuia bahari, la Oosterschelde, lililofunguliwa mwaka 1986. Picha ni nzuri. Mimi kilichonigusa ni kitu kisichopigika picha: nchi nzima imepimwa vimo kwa leza kutoka kwenye ndege, na ramani hiyo anapewa bure mwanafunzi, mkulima, hata mgeni kama mimi. Lango limejengwa juu ya ramani. Sisi hutamani lango.

Turudi ziwani.

Ziwa na mto ni wanyama wawili. Nyando huvizia. Mvua ikinyesha jioni huko juu Nandi na Londiani, Kano huenda isione hata wingu, na kabla ya mapambazuko maji yako Ahero, rangi ya chai ya maziwa. Ziwa halivizii. Hupanda kwa sentimita, wiki baada ya wiki, kama mgeni aliyetuma salamu mapema akafika na kukuta bado hamjafagia. Lina takriban kilomita za mraba 68,800, na kama asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto kuliko kawaida, vuli ikawa nzito, masika ya 2020 yakafuata yakiwa mazito vilevile. Aliyekuwa akifuatilia kipimo aliona Mei ikija tangu Januari.

Hapa niseme jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Kila ziwa linapopanda, husimama mheshimiwa akadai Uganda ifungue milango ya bwawa la Jinja. Tafadhali chukueni kalamu. Bwawa likitoa mita za ujazo 2,000 kila sekunde, na huo ni mtiririko mkubwa, kwa siku moja zitatoka mita za ujazo milioni 173 hivi. Gawanyeni kwa eneo la ziwa. Mtapata milimita mbili na nusu. Kwa mwezi mzima ni sentimita saba na nusu, tukiacha mvua na mvuke pembeni. Milango ya Jinja ina uzito wake katika hesabu ya miaka. Haiwezi kumwokoa mtu wa Nduru mwezi huu, na kumwambia kwamba inaweza ni kumfanya angoje mahali ambapo angepaswa kuhama.

Balaa hasa la Kano huja wale wanyama wawili wanapokutana. Uwanda ni bapa. Mahali ambapo ardhi inainuka mita moja tu kwa kila kilomita, ziwa likipanda mita moja ufuo unaingia ndani kilomita nzima. Mto unapofika unakuta mlango umefungwa. Hauna mteremko wa kuuvuta, kwa hiyo unarudi nyuma, unapoteza mwendo, unaangusha tope, na tope linainua kitanda, ili mvua ijayo, hata ikiwa ndogo, ipate pa kumwagikia. Watu wa pwani za dunia wanalijua hili vizuri: kwenye mlango wa mto, bahari ikiwa juu, mvua ya kawaida huwa mafuriko. Nilisoma bahari miaka mingi kabla ya kugundua kwamba nilikuwa nasoma Kusa, hapa ufuoni kwetu.

Na kuna wa tatu ambaye sijawahi kumsikia akitajwa kikaoni: upepo. Ghuba ya Winam ni ndefu na kina chake ni kifupi, na Kisumu iko mwisho wake wa mashariki, kama sarafu chini ya mfuko. Chukua upepo wa mita 10 kwa sekunde, uvume kutoka magharibi kwa saa kadhaa juu ya kilomita 60 za maji yenye kina cha mita sita. Hesabu ya mkono, bila kompyuta, inanipa maji kupanda sentimita 15 hivi upande wetu. Mwaka wa ziwa chini hakuna atakayegundua isipokuwa wavuvi wa Dunga. Mwaka ambao maji yako kizingitini, sentimita 15 ni kitanda chako.

Sasa, vipimo. Watu hudhani vinatoka kwenye mitambo. Vingi vinatoka kwa binadamu. Kando ya mto kuna ubao wenye mistari na tarakimu, na kuna mtu wa hapo hapo kijijini anayeusoma asubuhi na jioni na kuandika kitabuni, kwa posho ambayo naona haya kuitaja. Mmoja wao, jaduong' (mzee) wa upande wa Nyando ambaye hataki nimtaje jina, alisoma ubao wake kwa miaka mingi kuliko nilivyokaa kazini. Usiku mmoja wa mafuriko alikwenda na tochi akakuta ubao umechukuliwa na maji. Akafanya ambacho mtu mwenye akili angefanya: akapanda mti, akafunga kitambaa mahali maji yalipofika, na asubuhi akaandika, "Maji yamefika kwenye kitambaa."

Ofisi iliyopokea kitabu ilikikataa kile kipimo, kwa kuwa hakikuwa katika mita.

Hakuna aliyekuja kupima kitambaa. Leo ukifungua kumbukumbu za mwaka ule utakuta kila siku tulivu imejazwa, na siku ile ya mafuriko ina kistari. Wenzangu wa kazi hii watanielewa nikisema kwamba kistari hicho kinanikosesha usingizi. Modeli hufundishwa kwa siku zilizoandikwa. Yetu imefundishwa na siku ambazo hakuna kilichotokea.

Tena ubao unakupa kimo tu. Kujua ni maji kiasi gani yanapita, lazima mtu aingie na kifaa cha kupima mwendo wa maji, apime upana na kina, mara nyingi, na hasa siku ambayo mto umejaa. Siku ambayo mto umejaa ndiyo siku ambayo gari halina mafuta. Na kwa kuwa Nyando hubeba tope jingi na kitanda chake hakitulii, uhusiano uliopimwa miaka kumi iliyopita hauwezi kuaminiwa leo.

Niliwahi kuomba vipimo vya miaka 20 katika ofisi moja. Niliambiwa nilipie, nikalipa. Nilipewa faili lenye miaka saba, na ndani yake miezi mingine imenakiliwa mara mbili. Katiba yetu, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na tangu 2016 kuna sheria ya kuitekeleza haki hiyo. Wakati huohuo, setilaiti zimekuwa zikipima kimo cha maji tangu 1992, na Ziwa Victoria, kwa ukubwa wake, zinalisoma bila shida. Mtoto mwenye simu mtaani Nyalenda anaweza kuona matokeo. Ni rahisi kwangu kujua kimo cha ziwa kutoka angani kuliko kutoka kwenye kabati lililo mwendo wa dakika kumi kwa bodaboda kutoka mlangoni pangu.

Ninachowaomba ni mstari.

Sisemi mstari wa ramani. Nasema mstari wa rangi na zege, juu ya ardhi, pale maji yalipofika. Kimo cha ziwa cha 1964, 2020 na 2024 kinajulikana. Wapima ardhi mnao katika kila kaunti, wanalipwa kila mwezi, na wakipewa kifaa, bikoni ya kuanzia (alama ya wapima ambayo kimo chake kinajulikana) na ruhusa, wanaweza kukihamisha kimo hicho kutoka majini hadi kwenye ukuta wa shule, mlango wa kanisa, nguzo ya daraja, bandari ya Homa Bay, soko la Usenge. Wanafunzi wa Maseno na wa chuo kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo wangewasaidia wakafurahi. Kwenye mito hakuna kipimo kimoja cha kufuata, kwa hiyo itabidi kuwafuata wazee wenye mikuyu yao, na kwa hilo tuna haraka: aliyekuwa na miaka 15 wakati wa mvua za Uhuru sasa ana karibu 80. Katika kila matanga ninayohudhuria Kano, huzikwa pia kipimo.

Budalangi mstari uchorwe hata nyuma ya matuta ya mto Nzoia. Hasa nyuma ya matuta. Tuta lina kasoro moja ambayo mhandisi hapendi kuitaja siku ya uzinduzi: linakusahaulisha. Na likipasuka, kama yalivyopasuka zaidi ya mara moja, maji yaliyoingia hayana pa kurudia, kwa sababu ukuta ule ule uliokuwa ukiyazuia kuingia sasa unayazuia kutoka. Mtu aliyekuja kupanga nyumba pale mwaka jana haoni mto wala hajui kwamba kimo cha maji kiko juu ya dirisha lake. Ukuta wa duka ungemwambia.

Na vitabu vilivyo nyuma ya mstari viwe wazi, vyote, pamoja na vistari vyake.

Najua kitakachowazuia, na si pesa. Ni bei ya shamba. Mwenye kiwanja cha ufuoni ataona alama ya buluu kwenye bikoni, atampigia MCA wake, yaani mjumbe wake katika bunge la kaunti, na MCA atawapigia ninyi. Ndiyo maana nasema mapema, na nyinyi mseme kwa sauti: mstari si notisi ya kubomoa. Mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka sana, na watu walikatiwa viwanja mahali ambapo babu zao walivua ngege. Wengine walipewa hati. Huyo si mvamizi, nawaomba mwache kumwita hivyo kila anapolia. Aliyemuuzia alijua, au angeweza kujua akitaka. Yeye mnunuzi hakuwa na pa kuangalia. Mstari ungempa pa kuangalia. Akiamua kujenga chini yake, ajenge akijua, aweke sakafu juu, choo chake akiweke upande wa mlimani, na asidanganywe tena na mwenye kuuza.

Mstari pia ungewapa wataalamu wa onyo lugha ya kusema. Sisi tunaotabiri tuna tabia mbaya: tunatangaza kwamba mvua itakuwa "juu ya wastani". Mama wa Ombaka afanye nini na wastani? Mwambie, "Alhamisi usiku maji yatafika kiganja kimoja chini ya alama ya 2020 pale shuleni", na hapo hapo anajua kama wa kuhamishwa ni kuku au ni watoto. Bila alama ukutani, hata modeli yangu ikiwa sahihi kabisa, inasema na hewa.

Binamu yangu wa Nakuru alisoma rasimu ya barua hii akauliza mbona nimewasahau. Sijawasahau. Ziwa Nakuru halina mlango wa kutokea kama wetu wa Jinja, limekuwa likipanda tangu 2010 hivi hadi lango kuu la mbuga likamezwa, na Baringo ni vivyo hivyo. Hesabu yao ni nyingine na inastahili barua yake. Lakini ukuta na rangi havibagui ziwa.

Mkinijibu, naomba msinijibu kwa methali ya ufa na ukuta. Kila warsha ya mafuriko ninayohudhuria hufunguliwa nayo, kisha tunagawiwa chupa za maji.

Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, nitakuwa katika shule moja ya msingi upande wa chini wa Ahero. Mwalimu mkuu amekubali tutumie ukuta wa darasa la nne. Jaduong' wa ubao atakuwepo. Ule mti bado umesimama, na anasema anakumbuka tawi lenyewe. Rangi ninayo, nyeupe na buluu, na brashi mbili. Kifaa cha kupimia kimo nimekiazima na ni lazima nikirudishe Jumapili. Kama mmoja wenu anaweza kumtuma mpima ardhi wa kaunti aje na cha kwake, pamoja na kimo rasmi cha bikoni iliyo karibu na daraja, basi tutamaliza kuta tatu badala ya moja. Aje na viatu vya matope.

Wenu,
Mpima maji,
Kisumu